Shangazi, nikisema nimemsaliti, nikinyamaza huenda asiamke

Shikamoo shangazi. Naandika alfajiri, usingizi umekataa kabisa. Tafadhali usinijibu kwamba nipumzike, hilo nimeshaambiwa na kila mtu.

Kazi yetu unaijua, kituo cha methadoni, ile dawa ya kunywa kila siku inayomshikilia mtu anayeacha unga, yaani heroini; sina haja ya kuanza mwanzo. Kinachonikaba ni maneno ya mkuu wetu kunihusu kwenye kikao: "Huyu si mtaalamu, ni mgonjwa mwenzao." Aliyasema mbele ya daktari na muuguzi, na hakuna aliyefungua mdomo.

Nilikuwa nimesema nini? Kwamba kijana mmoja tunayemhudumia asiongezewe methadoni kabla hajaulizwa, faraghani na bila vitisho, usiku anatumia nini kingine. Basi. Daktari alipewa malalamiko matatu: halali, mwili unauma, jioni arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, inamrudia. Ukisikia hayo peke yake utaongeza dozi, daktari simlaumu. Lakini arosto haimsinzishi mtu. Arosto ni miayo isiyokwisha, kamasi, machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kuendesha, mboni za macho kupanuka, mtu hakai wala halali. Huyu jioni anayumba, maneno yanamvutika mdomoni, anasinzia sentensi haijaisha. Dozi ndogo haimfanyi mtu hivyo. Aliyepita kwenye unga anaiona tofauti hiyo kutoka mlangoni, na ndiyo sababu vituo vinatuajiri sisi wasaidizi rika. Sasa mbona nikiitumia naitwa mgonjwa?

Wakanionyesha kipimo cha mkojo, safi. Shangazi, vile vipimo vya haraka vya kawaida mara nyingi havikamati klonazepamu, vile vidonge vya kutuliza vinavyosinzisha. Kipimo kikiwa safi na mtu anayumba, unamwamini mtu.

Na mimi sikuwa nabahatisha. Aliniambia mwenyewe: vidonge vinne vya klonazepamu kwa mkupuo kila usiku, na pombe juu yake. Kaniambia mimi peke yangu. Ndiyo maana kwenye kikao nilizungukazunguka, nikaomba tu aulizwe. Ningeitaja siri yake pale mezani ungenielewa?

Hatari yenyewe iko hivi. Methadoni haitoki mwilini upesi, dozi ya leo inakuta mabaki ya jana. Ukiongeza miligramu 10, uzito wake hauonekani siku ileile, unajilimbikiza siku nne au tano. Kwa hiyo watamtazama siku ya kwanza, watamwona mzima, wataandika "anaendelea vizuri". Usiku wa nne anameza vidonge vyake, anakunywa, na pumzi zinaanza kupungua. Nyumbani watasikia anakoroma, watafurahi kwamba leo kalala. Koromo lile linakuwa zito na linakatika, linarudi, linakatika tena. Ukimwita hajibu, ukimsugua kwa ngumi kwenye mfupa wa kifua hajibu, midomo na kucha zinageuka kijivu. Wengi wanafia hapo, ndani ya nyumba yenye watu.

Watasema naloksoni, dawa ya dharura ya kumzindua aliyezidiwa dozi, ipo. Ipo, na itumike. Lakini inapambana na methadoni na jamii yake tu, vidonge hivi na pombe haivigusi. Halafu nguvu yake inaisha ndani ya dakika 30 hadi 90 huku methadoni bado imejaa mwilini, mtu anaamka, anasema yuko sawa, wanamwacha, anazama tena. Ndiyo maana tunawaambia familia: hata akiamka, hospitali. Na wakati mnasubiri, kama hapumui, mpumulizieni mdomoni pumzi moja kila sekunde tano, msimmwagie maji wala kumpa maziwa.

Najua utakalouliza: si umwambie aache vidonge? Hapana, na hili naomba lisisomwe harakaharaka. Aliyevimeza kila siku kwa miezi akivikata ghafla anaweza kupata degedege na kufa kwa njia nyingine. Vinapunguzwa kidogokidogo, chini ya daktari anayejua kiasi halisi. Kwa hiyo lazima daktari ajue. Hapo ndipo ninapokwama, shangazi, na hapo ndipo yale maneno ya mgonjwa mwenzao yananirudia. Nikienda, nani atanisikiliza?

Usidhani nilimwapia kukaa kimya. Siku ya kwanza nilimwambia kama ninavyomwambia kila mtu: yako ni yako, isipokuwa uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, na hata hapo utasikia kwangu kwanza. Nimeshamkumbusha. Nimempa njia: twende wote, au aende peke yake nimsubiri nje, au aniruhusu niseme mimi yeye akiwepo. Anajibu "subiri kwanza". Anaogopa kutolewa kwenye programu, na si hofu ya bure, maana mkuu wetu anaona vidonge ni utovu wa nidhamu. Kumfukuza mtu wa namna hii ni kumrudisha kwenye unga usiojulikana nguvu yake, na kila siku anayokosa methadoni mwili wake unasahau kuhimili.

Sasa wananong'ona kwamba nimemkaribia mno. Sijampa hela, sijamlaza kwangu, sijamfichia kidonge hata kimoja. Kila tukikutana naandika tarehe, tumezungumza nini, tumekubaliana nini. Mtaalamu anafanya kipi zaidi ya hicho? Waniambie.

Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Lakini nikiondoka, huyu kijana atamwambia nani? Nataka mkuu aniombe radhi mbele ya walewale waliosikia. Wakati mwingine naona radhi yake siitaki hata kidogo, dozi isiongezwe tu, aendelee kuniita anavyotaka. Halafu nakumbuka vile walivyonyamaza wote, na hasira inanipanda upya.

Nakuuliza hivi: nimfuate daktari mwenyewe, nimruke mkuu, nimweleze kuhusu vidonge hata kama kijana bado anasema subiri? Nikifanya hivyo, wengine wanaoniamini wakijua, si watafunga midomo, na wao pia wafie ndani? Au niende nimwambie kijana kwamba muda umekwisha, achague leo twende naye au niende bila yeye? Moyo unaniambia hili la mwisho, ila naogopa atatoroka kabisa asije hata kunywa dozi yake.

Dozi mpya inaanza Jumatatu asubuhi. Ukipata barua hii kabla ya hapo nijibu hata mistari miwili, na uniambie pia kama daktari nimwandikie au nimwambie kwa mdomo, maana karatasi hapa kwetu zote zinapitia kwa mkuu.

Msaidizi rika