Kundi la mazungumzo lisiwe mali ya simu moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo naamini linawagusa wasomaji wengi wa Unguja na Pemba, nalo ni namna tunavyoyaendesha makundi yetu ya mazungumzo ya simu. Siku hizi ni nadra kukuta kijiji, skuli au timu ya mpira isiyokuwa na kundi lake la WhatsApp. Humo ndimo tunamopeana taazia, tunamochangishana kwa ajili ya mgonjwa anayepelekwa Mnazi Mmoja, na tunamoulizana kama boti imeondoka Mkoani au imezuiliwa na upepo. Jambo kubwa kiasi hicho tumeliacha lijiendee bila utaratibu, na wakati mwengine bila mtu wa kulisimamia kabisa.

Nianze na lililotufika sisi. Kundi la kijiji chetu, karibu na Wete, lilianzishwa na mwalimu mstaafu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kwa miaka sita yeye peke yake ndiye aliyekuwa msimamizi. Alipofariki, taazia yake tuliisoma humo humo. Haukupita mwezi, akaunti ya mwanakundi mmoja ikatekwa na matapeli, wakawa wanarusha matangazo ya mikopo ya uongo asubuhi na usiku, pamoja na viungo ambavyo mtu akivibonyeza naye hutekwa. Tulipofungua orodha kutafuta wa kumtoa, jina lililokuwa na alama ya usimamizi lilikuwa moja tu, la marehemu, na picha yake akiwa amevaa kofia ya viua. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri ambayo hata watoto wake hawakuijua. Mwisho tukaanzisha kundi jipya na kualikana mmoja mmoja. Wazee wengi wanaotegemea wajukuu kuwashughulikia simu hawakuvuka nasi, na wapo waliokuja kujua misiba ya jamaa zao baada ya maziko.

Mkasa huo ulinirudisha kwenye mtandao mkongwe wa mazungumzo uitwao IRC, ambao wengi wa vijana wetu hawajapata kuusikia. Uliundwa mwaka 1988 na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, na mpaka leo unatumika, hasa na watengenezaji wa programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha. Seva zake, yaani kompyuta zinazopitisha mazungumzo, nyingi hutolewa bure na vyuo na kampuni, na wanaouendesha hawalipwi. Ni watu wanaotoka kazini kwao wakakaa usiku kuhakikisha kwamba wengine wanazungumza kwa amani. Mimi niliufahamu nikiwa mwanafunzi Unguja, katika ile miezi mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme nasi tukawa tunabanana katika chumba kimoja cha intaneti chenye jenereta.

Siku moja, kwa haraka ya kuogopa jenereta kuzimwa, nililirudia swali langu mara nne mfululizo. Msimamizi wa chaneli, yaani chumba cha mazungumzo nilimokuwemo, akaninyamazisha. Nilidhani nimefukuzwa, lakini mara hiyo hiyo nikapata ujumbe wake wa faragha ukinieleza sababu, ukinitajia muda, ambao ulikuwa dakika kumi, na ukinionyesha mahali pa kulalamika iwapo naona nimeonewa. Baada ya dakika kumi nikafunguliwa, na aliyenijibu swali langu alikuwa yeye yeye. Ni jambo dogo, lakini sijapata kulisahau, kwa sababu katika makundi yetu mtu hutolewa usiku, akaamka asubuhi akaona maandishi tu kwamba ametolewa, asijue kosa wala wa kumuuliza, na pengine uhasama huo ukafika mpaka harusini.

Katika IRC msimamizi hutambulikana kwa alama inayokaa mbele ya lakabu yake. Chaneli nyingi zilizopangika vizuri huwataka wasimamizi wao wasikae na alama hiyo wakati wote, bali waichukue pale tu penye jambo la kutenda, kisha waiweke chini. Sababu yake ni ya kibinadamu: mwenye rungu mkononi huwavutia wagomvi, na yeye mwenyewe huanza kuona kila kichwa kinastahili kupigwa. Ngazi za adhabu nazo zimetenganishwa. Kwanza mtu hunong'onezwa faraghani, kisha hunyamazishwa kwa muda, kisha hutolewa lakini mlango ukabaki wazi, na kufungiwa kabisa huja mwisho. Tena msimamizi wa chaneli moja hana nguvu juu ya mtandao mzima. Wapo wahudumu wa mtandao wanaoshughulikia mashambulizi na matapeli, nao kwa kawaida hawaingilii ugomvi wa ndani ya chaneli. Sheha haingii jikoni kwa mtu kuamua mchuzi utiwe nazi au usitiwe.

Wasomaji wasidhani kwamba utaratibu huo ulishuka tayari kutoka mbinguni. Ulitokana na maumivu. Katika miaka ya mwanzo, mawasiliano baina ya seva mbili yalipokatika, chaneli moja iligawika vipande viwili, na katika kipande kilichobaki kitupu mtu wa kwanza kuingia alipewa usimamizi moja kwa moja. Wahuni wakagundua hilo, wakawa wanavizia mkatiko, wanaingia, na mawasiliano yakirudi wanawatoa wenye chaneli yao. Waendeshaji wa IRC, ambayo ina mitandao mingi inayojitegemea, wakatofautiana namna ya kuliziba tundu hilo, na mwaka 1996 tofauti hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoupasua mtandao mmoja ukawa miwili, EFnet na IRCnet, kila mmoja ukashika njia yake. Mtandao mwengine wa IRC, DALnet, ulioanza mwaka 1994, ulikuwa umeweka daftari la kuandikisha majina na chaneli, ili haki ya mwenyewe isitegemee nani amekuwepo chumbani muda gani. Nasi tunalo tundu linalofanana na hilo: katika WhatsApp, msimamizi wa pekee akijitoa, programu humchagua mwanakundi mmoja bila mpango na kumpa cheo hicho. Anaweza kuwa mtu wa hekima. Anaweza pia kuwa yule aliyejiunga juzi kwa ajili ya kuuza mitumba.

Somo zito zaidi ni la mwaka 2021. Ulikuwepo mtandao mkubwa wa IRC uitwao freenode, uliotumiwa na miradi mingi ya programu huria, na wahudumu wake walikuwa wamejitolea kwa miaka. Ukazuka mgogoro juu ya nani hasa ana haki ya jina na mitambo, baina ya wahudumu hao na mwenye kampuni aliyeshikilia kuwa mtandao ni wake. Tarehe 19 Mei 2021 wahudumu walijiuzulu kwa wingi, na siku hiyo hiyo wakafungua mtandao mpya, Libera Chat, wakauandikisha Sweden kama jumuiya isiyo ya faida inayomilikiwa na wahudumu wenyewe. Siku chache baadaye freenode ikazitwaa mamia ya chaneli zilizokuwa zimetangaza kuhama, na jambo hilo likawakimbiza hata waliokuwa wakisitasita. Miradi ya Wikimedia, Ubuntu na mengineyo ikahamia kwa wahudumu. Mwenye jina alibaki na jina, na watu wakawafuata wale waliokuwa wakiwahudumia.

Wale walikuwa na bahati tusiyokuwa nayo sisi. Walijuana, walikuwa wengi, kila mmoja alijua kazi ya mwenzake, na ndiyo maana waliweza kuhama kwa siku moja. Sisi tulimtegemea mzee mmoja na simu yake, naye hakuwa na kosa lolote; alibeba peke yake mzigo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama ni mzito. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa nikijua namna bora ya kufanya, na kwa miaka sita sikumwambia.

Najua wapo watakaosema kwamba utaratibu mwingi utayaua makundi, na kwamba watu wanajuana kwa hivyo hapana haja ya kanuni. Naona ni kinyume chake. Tunapojuana ndipo kanuni inapohitajika zaidi, kwa sababu bila kanuni iliyoandikwa kila mtu akitolewa huonekana ametolewa kwa ajili ya chama chake, ukoo wake au deni la shamba la mikarafuu. Wapo pia wasimamizi wanaofuta kila kitu kwa kuihofia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hofu yao naifahamu, lakini anayefuta taarifa za kweli pamoja na uzushi huwaacha watu wake wakitafuta habari mahali pabaya zaidi.

Katika kundi letu jipya tumeweka wasimamizi watatu, mmoja anakaa Wete, mmoja Unguja na mmoja Maskati, ili asikosekane aliye macho. Kanuni ni saba, zimeandikwa katika maelezo ya kundi, na ya kwanza inasema kwamba hatolewi mtu ila wawili kati ya watatu wamekubaliana, isipokuwa akaunti iliyotekwa, ambayo yeyote kati yao huitoa papo hapo na kumpigia simu mwenyewe. Anayetolewa hupewa sababu na muda. Akiona ameonewa, hupeleka malalamiko yake kwa wazee watatu ambao si wasimamizi, na wawili kati yao hawana simu za kisasa kabisa, tukaona hilo ni sifa. Orodha ya namba za wanakundi imeandikwa katika daftari la karatasi, na kila mwaka, ufikapo Mfunguo Mosi, inaandikwa upya.

Rufaa ya kwanza tayari ipo. Kijana mmoja alitolewa kwa wiki mbili kwa kurusha sauti iliyodai kwamba boti imezama, habari ambayo haikuwa kweli, naye anasema aliipokea kwa mjomba wake na akaituma akiuliza, si akitangaza. Wazee wamekubali kumsikiliza Ijumaa hii baada ya sala, chini ya mwembe wa skuli, na wasimamizi wote watatu, yule wa Maskati kwa simu, wametakiwa wawepo kueleza kwa nini hawakumuuliza kwanza.

Msomaji wako,
Wete, Pemba