Shukrani kwa Dada wa Makavazi

Dada uliyekaa karibu nami Jumanne pale Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, hata jina sikukuuliza. Ulikuwa na leso ya kijani na penseli iliyotafunwa kichwani. Uliniona nikihema juu ya simu, nikimtafuta kakake nyanya aliyekwenda Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia na KAR, kikosi cha Waingereza cha askari wa Afrika Mashariki, asirudi.

"Unaliandika jina lake vile mnamwita nyumbani," ukaniambia. "Karani wa jeshi aliandika alivyosikia."

Ukafungua tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, bure kabisa, ukaweka Karioki badala ya Kariuki. Akatokea! Nambari ya jeshi ni ile ile iliyo kwenye bahasha ya nyanya. Jina lake liko kwenye mnara wa kumbukumbu wa Rangoon, huko huko Burma, pamoja na wenzake karibu 27,000 wasio na kaburi linalojulikana. Nami miaka yote napita makaburi ya vita ya Ngong Road nikidhani yumo humo.

Ukanidokezea pia Gazeti Rasmi la Kenya: matoleo ya zamani yamo Google Books, yana matangazo ya mirathi. Hayo bado nayachimba.

Nyanya ana miaka 96. Nilimsomea ukurasa ule mara mbili, akaomba ya tatu. Asante, dada yangu. Mungu akuzidishie.