Watoto waonyeshwe ua hili likiwa limechanua

Mhariri,

Mvua zimekolea hapa Sikonge, na kando ya njia iendayo kwenye mizinga yangu limechanua ua jekundu lenye kingo za njano. Petali zake hujikunja kurudi nyuma. Ncha za majani hujisokota na kushika mimea jirani. Ni Gloriosa superba, ua la taifa la Zimbabwe. Ni zuri mno, nisingependa lifyekwe. Lakini kiangazi shina hukauka, kiazi kikabaki hai ardhini, nacho kina sumu kali ya kolchisini. Sri Lanka watu wamekufa kwa kukidhania kiazi cha kula. Watoto wetu huchimba viazi pori wakichunga ng'ombe. Walimu, tafadhali wapelekeni porini walitambue sasa.

Mfuga nyuki,
Sikonge, Tabora