Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama na nyinyi mnaowauguza wagonjwa wetu nyumbani,

Hesabu zimekaguliwa na mhazini atazisoma baada yangu. Muda wangu naomba niutumie kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: wenzetu wenye saratani ya figo iliyosambaa, ambao figo zenyewe zimeshapungua nguvu, na kwa sababu hiyo wanarudishwa nyumbani bila dawa.

Najua linakotoka. Wengi wetu tulitolewa figo yenye uvimbe, na iliyobaki ilikuwa imeshachoshwa na presha au kisukari. Majaribio mengi makubwa ya dawa za saratani hii nayo yaliwaacha nje watu wenye figo dhaifu sana, hivyo daktari anaogopa kuandika dawa. Lakini kutojaribiwa si kukatazwa, na hilo ndilo tulilojifunza kwa madaktari waliokuja kwenye semina zetu.

Dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama nivolumabu na pembrolizumabu, ni protini kubwa. Hazitoki kwa njia ya figo. Mwili wenyewe huzivunjavunja. Kwa hiyo kipimo chake hakipunguzwi kwa sababu ya figo, na mashine ya kusafisha damu haiziondoi. Kidonge cha sunitinibu, dawa nyingine ya saratani hii, kinashughulikiwa zaidi na ini, na hata anayesafishwa damu anaweza kuanzishiwa kipimo cha kawaida. Lenvatinibu, nayo ya kumeza, ni tofauti: uwezo wa figo kuchuja ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, kipimo hushushwa hadi miligramu 10 kwa siku.

Sisemi kwamba hakuna hatari. Vidonge hivi hupandisha presha na kuvujisha protini kwenye mkojo, kwa hiyo presha na mkojo vipimwe mara kwa mara. Dawa za kuamsha kinga nazo zinaweza kuifanya kinga hiyo iigeuzie figo silaha. Kreatinini, yaani taka ya damu inayopimwa kujua figo zinavyofanya kazi, ikipanda ghafla, mgonjwa awahi hospitali siku hiyo hiyo. Aliyepandikizwa figo ana hatari kubwa zaidi, maana mwili unaweza kuikataa figo aliyopewa. Uamuzi wake ufanywe na daktari wa saratani na wa figo wakiwa pamoja.

Mwanachama mmoja ameniruhusu nieleze yake. Kreatinini yake ilipanda, kila mtu akailaumu dawa ya saratani. Katibu wetu alimwomba afungue mkoba. Ndani mlikuwa na diklofenaki za maumivu ya mgongo na omeprazo ya kiungulia, zote kanunua duka la dawa la mtaani, na hakuna daktari aliyeziona. Diklofenaki huumiza figo dhaifu. Omeprazo ikitumiwa pamoja na dawa za kinga huongeza uwezekano wa figo kuvimba. Nawasihi sana: mkienda kliniki, bebeni kila mnachomeza, pamoja na mitishamba.

Kamati inapendekeza kila mwanachama awe na kadi ya mfukoni yenye kreatinini ya mwisho, uwezo wa figo kuchuja, presha, protini ya mkojo na dawa zote anazotumia. Gharama ya kuchapa imo kwenye bajeti mtakayogawiwa. Naomba mkutano ulipitishe pendekezo hili leo, kabla hatujaingia kwenye uchaguzi.