Wauzaji wa bangili, mtuambie fundi ni nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauzaji wa mapambo hapa Mbeya, hasa wale wanaotuambia kila walichonacho mezani kimetengenezwa kwa mkono.

Mimi ni fundi cherehani, Uyole. Mwezi uliopita nilikwenda Mwanjelwa kumtafutia binti wa dada yangu bangili za kuvaa siku ya send-off yake. Alitaka shaba. Kijana mmoja akanionyesha jozi yenye wekundu wa kupendeza, akaniapia ni shaba tupu, imegongwa kwa nyundo na fundi wa hapa hapa mjini. Nikatoa shilingi 24,000 bila kuomba punguzo. Kazi ya mkono naijua, na inaniuma mteja anapokadiria nguo niliyoikeshea kana kwamba ananunua fungu la nyanya.

Nyumbani nikaziweka juu ya meza ya kukatia. Sisi mafundi tuna sumaku ya kuokotea pini zinazodondoka, na yangu ilikuwa pale pale. Bangili zikaivamia, zikang'ang'ania. Shaba haishikwi na sumaku. Nikakwaruza upande wa ndani kwa ncha ya mkasi, wekundu ukatoka, chini yake chuma cha kijivu. Ndipo nikazitazama vizuri zile alama za nyundo: zilifuatana sawasawa kwenye bangili zote mbili, alama kwa alama, kama zimepigwa muhuri. Mkono wa mtu haugongi hivyo.

Niliporudi, yule kijana akaniambia, "Mama, hata mimi nilizichukua jumla nikaambiwa hivyo hivyo." Fedha hakurudisha. Lakini namwamini kwamba hajui zilikotoka, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Nina jirani anayetunga shanga. Mkufu mmoja humchukua siku mbili. Kwanza anazimwaga kwenye sinia na kuzichambua, zenye tundu lenye makali anazitupa kwa sababu zitakata uzi. Kila fundo analifunga mara mbili, kisha analivuta hadi liingie ndani ya shanga inayofuata lisionekane. Anauza 15,000. Wateja wanamwambia, "Mbona sokoni ni elfu nne?" Za elfu nne ni za plastiki, nyingine bado zina mstari pale kalibu ilipokutana. Ziguse shavuni: shanga ya kioo ina ubaridi, ya plastiki haina. Sisemi zisiuzwe. Zina wanunuzi wake, na binti wa shule mwenye elfu nne naye anastahili kupendeza. Ila ziitwe za plastiki, za kiwandani, ili jirani yangu asishindanishwe na mashine inayotumia jina lake.

Kwa sonara mambo ni mepesi kidogo. Pete ikigongwa 750 najua ni karati 18, ikigongwa 916 ni karati 22. Shaba na shanga hazina alama ya namna hiyo, basi angalau kuwe na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi: jina la fundi, mji wake, na kitu alichotumia. Hakigharimu chochote. Pale Iringa, Neema Crafts, ambako watu wenye ulemavu wamekuwa wakifanya kazi za mikono tangu 2003, mgeni anaingia karakana akaona mapambo yanavyotengenezwa kabla hajafungua pochi. Mbeya tunashindwaje?

Na sisi wanunuzi tuna letu la kujifunza. Wengi hutupa bangili ya shaba ikiacha kijani mkononi, wakidhani wametapeliwa. Ule ukijani unaletwa na jasho likikutana na shaba, kwa hiyo hata halisi huuacha. Sugua kwa limau na chumvi, suuza, kausha kwa kitambaa, itarudi kung'aa.

Send-off ni mwisho wa mwezi na bado sijapata bangili. Kama kuna fundi anayegonga shaba mwenyewe, Mbeya mjini, Tukuyu au hata Mbalizi, naomba aandike kupitia ukurasa huu aseme anapofanyia kazi. Nitamfuata na sumaku yangu, na bei yake sitaishusha.

Fundi cherehani,
Uyole, Mbeya