Krismasi Njema: Mlango wa Kuinama

Ndugu zangu, heri ya Krismasi kwenu nyote.

Kule Bethlehemu, kanisa lililojengwa juu ya pango linaloaminiwa kuwa ndipo alipozaliwa Yesu lina mlango ambao nimeuwaza wiki nzima. Kimo chake ni kama mita 1.2 tu. Ukiutazama ukuta vizuri unaona tao la mlango wa kale, mpana, lililozibwa kwa mawe mpaka kikabaki kijimlango hicho. Inasimuliwa kwamba waliuziba ili watu wasiingie mle ndani na farasi wao. Basi leo akija tajiri anainama, akija maskini anainama, na anayepita wima ni mtoto mdogo peke yake.

Nikifika hapo nawakumbuka wachungaji. Luka anatueleza kwamba habari ya kuzaliwa ilipelekwa kwao kwanza, watu waliokuwa kondeni usiku wakilinda kundi lao. Wakaambiwa watamkuta mtoto amelazwa horini. Hori ni chombo cha kulishia mifugo, na mchungaji analijua hori kama anavyoijua fimbo yake. Angezaliwa katika jumba la Herode, wangefika langoni na harufu yao ya kondoo, wakaulizwa wana miadi na nani, wakarudishwa. Horini waliingia moja kwa moja. Mimi naamini mahali pale palichaguliwa kwa ajili yao.

Mwaka 1223, Fransisko wa Assisi, mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa vitambaa, aliandaa hori pale Greccio, akaweka nyasi, ng'ombe na punda, wanakijiji wapate kuona kwa macho yao ufukara ule. Papa aliyechukua jina lake alichaguliwa Machi 2013, na majuma mawili baadaye, Alhamisi Kuu, alikwenda kwenye gereza la vijana mjini Roma akapiga magoti na kuosha miguu ya vijana 12, wakiwamo wasichana na Waislamu.

Lakini ukubwa wa namna hiyo nimeuona pia karibu. Kazini kwetu tulikuwa na mkuu mmoja ambaye kila asubuhi alisimama kwa mama aliyekuwa akifagia ngazi. Alimwita kwa jina, akamuuliza goti linaendeleaje. Hakuuliza huku akipita. Aliweka mkoba chini, akasimama mpaka jibu likaisha, hata siku ambazo jibu lilikuwa refu na sisi tulikuwa tunamsubiri juu kwenye kikao. Tunasema mkubwa ni jalala, naye alikubali kuwa jalala kweli: shida za kila mtu zilimfikia, hakuna aliyeogopa kuzileta. Siku aliyostaafu, hotuba zilikuwa nyingi. Mama yule hakuhutubu. Alimshika mikono miwili, akalia, na mkuu wetu naye akalia.

Msimu huu tutaona wakubwa wengi wakikabidhi zawadi mbele ya kamera. Sisemi ni vibaya, kwa sababu msaada unafika. Ila moyo wangu uko kwa yule anayebaki kuketi na watu baada ya kamera kuondoka, anayejua jina la mtoto wa nani na nani aliugua mwezi uliopita.

Nawaombeni jambo moja sikukuu hii. Yupo mtu mnayekutana naye kila siku, anakufungulia geti au anakusafishia ofisi, na hujui anaitwa nani. Muulize jina. Kisha likumbuke kesho.

Nawatakia amani majumbani mwenu, afya kwa wagonjwa, na faraja kwa wanaosherehekea huku kiti kimoja kikiwa kitupu. Na salamu zangu za pekee ziwafikie mnaousoma ujumbe huu mkiwa kazini leo: wauguzi, walinzi, madereva, wazima moto, wafagiaji. Wachungaji wale nao, habari ilipowafikia, walikuwa zamu ya usiku.