Neti mpya isilaliwe usiku uleule

Mhariri,

Kila ugawaji wa vyandarua vyenye dawa ukimalizika tunasomewa idadi ya vilivyotolewa. Miezi michache baadaye yanaanza masimango: wananchi hawana mwamko, neti wamezungushia bustani. Naona tunamlaumu asiyestahili.

Aliyepewa neti huitoa kwenye mfuko, akaitundika na kuilalia usiku huohuo. Dawa iliyomo, ya jamii ya pairethroidi, ikiwa bado mpya huweza kuwasha ngozi, kuchoma macho na kuleta chafya. Kukicha jirani keshaambiwa neti ni sumu. Wiki haijaisha, sumu yenyewe inaondoa uzazi. Hilo la uzazi ni uzushi, lakini muwasho ulikuwa wa kweli, na ndio uliozaa maneno. Ingetosha mtu kuambiwa aianike neti saa 24 kabla ya kuitumia, tena kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu dawa. Kulisema hilo hakumalizi hata dakika.

Kuna na kunguni, ambao wataalamu huwapita kimya. Neti inapowaua, nyumba nzima huisifu. Wakishaizoea dawa na kurudi, watu husema neti imekufa, wakaikunja ingali nzima. Nani aliwaeleza kwamba haikuletwa kwa ajili ya kunguni? Mbu nao wameanza kuizoea, ndiyo maana siku hizi zipo neti zilizoongezwa dawa ya pili, kama klofenapiri. Hata hivyo, neti isiyotoboka bado ni kizuizi kati yako na mbu.

Joto sitalibishia. Ndani ya neti upepo hupungua, na anayelalamika hadanganyi.

Utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2015 ulikadiria kwamba hatua za kudhibiti malaria ziliepusha matukio milioni 663 ya ugonjwa huo Afrika tangu mwaka 2000, asilimia 68 yakiepushwa na neti zenye dawa. Mbu anayetua kwenye neti ya mmoja akafa, hamfikii jirani. Kwa hiyo neti iliyokunjwa kabatini ni hasara hata kwa wasio wa nyumba hiyo.

Ombi langu kwa wahusika: mgawaji aseme habari ya kuanika kabla hajakabidhi mfuko, kisha mrudi baada ya mwezi kuhesabu zilizotundikwa. Hiyo ndiyo idadi ya kututangazia.

Msomaji wako